Somo la 8: Shukrani Ianzayo Nyumbani

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Juma Hili: Kumbukumbu la Torati 26:1–15, Mambo ya Walawi 7:11–16, Luka 17:11–19, 1 Wakorintho 16:1, 2, 2 Wakorintho 8:1–12, Marko 7:9–13, Yohana 6:5–13.

Fungu la Kukariri: 1 Mambo ya Nyakati 29:14. Likariri kutoka katika Biblia yako pamoja na watu wa nyumbani mwako. Hapo Daudi anakiri kwamba yeye na watu wake hawakumpa Mungu kitu chochote ambacho hakikutoka kwanza mkononi mwake Mungu.

Jua lilikuwa limezama. Nilikuwa mgeni katika nyumba moja ya waumini, nasi tulikuwa tumeifungua Sabato kwa wimbo na maombi. Baba wa nyumba aliomba kwa unyenyekevu. Alimshukuru Mungu kwa uhai, kwa mvua, kwa afya na kwa siku sita za kazi. Baadaye mama alitenga chakula. Tangu alfajiri alikuwa katika shughuli za maandalio: kufua, kupiga pasi, kusafisha nyumba, kupika chakula cha usiku ule na cha kesho yake. Tulipokea sahani zetu, tukaanza kula. Mtoto mdogo, wa miaka kama mitano hivi, akasema, “Asante, mama.” Kaka yake akacheka: “Hiyo ni ya shuleni. Nyumbani hatusemi hivyo.”

Hakuna aliyekasirika. Baba alitabasamu, na mama akainama kuongeza mchuzi. Lakini mimi sikuweza kucheka, kwa sababu nilikumbuka nyumbani kwangu. Ni mara ngapi nimesimama mbele ya washiriki kufundisha uwakili, kisha nikarudi nyumbani, nikala, nikanyanyuka mezani bila kusema neno?

Juma hili tutajifunza kwamba Biblia inaunganisha mambo mawili ambayo mara nyingi tunayatenganisha: kinywa kinachoshukuru na mkono unaotoa. Tena yote mawili yanaanzia nyumbani kabla hayajafika kanisani.

Jifunze somo hili kila siku ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Kikapu na Simulizi

Soma Kumbukumbu la Torati 26:1–11. Mwisraeli aliagizwa alete nini mbele za Bwana, naye alitakiwa aseme nini alipokuwa akileta?

Mkulima alichukua malimbuko ya mazao yake, akayatia katika kikapu, akaenda mahali alipopachagua Bwana. Kuhani alikipokea kikapu na kukiweka mbele ya madhabahu. Lakini ibada haikuishia hapo. Mwenye kikapu alitakiwa kufungua kinywa chake na kusimulia: jinsi baba yake alivyokuwa Mwarami asiye na makao, jinsi alivyoshuka Misri akiwa na watu wachache, jinsi walivyoteswa, jinsi walivyomlilia Bwana, na jinsi Bwana alivyowasikia na kuwaleta katika nchi njema. Baada ya simulizi hiyo ndipo aliposema kwamba sasa ameleta malimbuko ya nchi aliyopewa.

Zingatia jambo moja. Wengi kati ya wale waliobeba vikapu miaka iliyofuata hawakuwahi kuiona Misri. Walizaliwa Kanaani, wakakuta mashamba na visima. Hata hivyo hawakufundishwa kusimulia mateso hayo kama habari za watu wengine. Kila mmoja alisema ni sisi tulioonewa, ni sisi tuliotolewa. Kila kizazi kilitakiwa kujiona ndani ya simulizi ya wokovu, kwa sababu mtu asiyekumbuka alikotolewa huona mavuno yake kuwa ni jasho lake tu.

Je, watoto wetu wanaijua simulizi ya nyumba yao? Wanajua ni nani aliyemlipia baba ada alipokuwa amerudishwa nyumbani? Wanajua kwamba bibi aliuza ndizi sokoni ili mama asome? Wanajua mwaka ule mvua zilipokatika, na jinsi debe moja la mahindi kutoka kwa jirani lilivyowafikisha hadi mavuno? Mtoto anayeona bahasha ya zaka ikijazwa kimya kimya hujifunza kwamba fedha zinaondoka nyumbani. Mwambie simulizi, naye ataelewa ni kwa nini bahasha hiyo inajazwa kwa furaha.

Katika ibada ya jioni ya juma hili, simulia tukio moja ambalo Mungu aliitendea familia yako. Ni nani mwingine aliyetumiwa na Mungu katika tukio hilo, na je, umewahi kumshukuru?

JUMATATU
Nyama Isiyolala

Soma Mambo ya Walawi 7:11–16. Kuna tofauti gani kati ya sadaka ya shukrani na sadaka ya nadhiri kuhusu muda wa kula nyama yake?

Nyama ya sadaka ya nadhiri au ya hiari iliweza kuliwa siku ile na kesho yake. Nyama ya sadaka ya shukrani ilipaswa kuliwa siku ile ile. Haikuruhusiwa kubaki hata asubuhi. Mambo ya Walawi haielezi sababu, lakini hebu tufikirie matokeo yake. Kuhani alipewa kidari na paja la kulia. Sehemu kubwa ilibaki kwa mwenye sadaka na jamaa yake, pamoja na mikate ya namna mbalimbali. Baba, mama na watoto wanne wangewezaje kummaliza kondoo mzima, au ng'ombe, kabla ya kupambazuka? Ilibidi wawaite watu wengine. Kumbukumbu la Torati 12:17, 18 inawataja waliopaswa kuwapo kwenye karamu za namna hii: wana na binti, watumwa na wajakazi, na Mlawi aliyekaa malangoni.

Kwa hiyo shukrani katika Israeli ilikuwa na harufu ya chakula, nayo harufu hiyo ilivuka ua. Mtu hakuweza kumshukuru Mungu peke yake, mlango ukiwa umefungwa.

Wazee wetu walilielewa jambo hili. Bakuli lililofunikwa kwa sahani lilipelekwa kwa jirani, naye jirani hakulirudisha tupu. Aliweka mboga, mayai mawili, au chumvi tu. Siku hizi tuna jokofu na geti. Chakula kinalala siku tatu, kisha kinatupwa, wakati nyumba ya pili kuna mzee asiyekula tangu jana.

Tena tusiende mbali kumtafuta mjakazi wa Kumbukumbu la Torati 12. Katika nyumba nyingi za mijini yupo dada wa kazi. Anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Je, anakula anachokula mwenye nyumba, au anasubiri jikoni mabaki? Je, anapata nafasi ya kwenda kuabudu siku ya Sabato, au anabaki kupika ili sisi tuabudu? Mshahara wake unalipwa kwa wakati? Sheria iliagiza ujira wa kibarua maskini ulipwe siku ile ile, kabla jua halijatua (Kumbukumbu la Torati 24:14, 15). Sadaka iliyowekwa katika bahasha kwa kucheleweshwa ujira huo haiwezi kuitwa sadaka ya shukrani.

Juma hili kuna chakula gani nyumbani mwako ambacho hakipaswi kulala? Kinapaswa kufika kwa nani?

JUMANNE
Tisa Waliotii

Soma Luka 17:11–19. Yesu aliwaagiza wale wakoma kumi wafanye nini? Wale tisa walikosea wapi?

Mara nyingi tunawahukumu wale tisa kama wakaidi. Tukisoma kwa makini tunaona kwamba walitii. Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, nao wakaenda. Walikuwa na imani ya kuanza safari kabla hawajaona dalili yoyote ya kupona. Pengine jioni ile walikuwa wametimiza kila kipengele cha sheria ya utakaso. Kilichokosekana ni kimoja: hawakurudi. Yule mmoja aliyerudi, naye alikuwa Msamaria, alianguka miguuni pa Yesu akashukuru. Yesu akauliza, wale wengine wako wapi?

Swali hilo linatugusa sisi tunaojitahidi kushika maagizo. Inawezekana kurudisha zaka mwezi kwa mwezi kwa miaka ishirini, pasipo kupunguza hata shilingi, na bado tukawa kati ya wale tisa. Agizo tumelitimiza, lakini moyo haujarudi kwa Mtoaji. Dalili yake huonekana nyumbani. Mtu ambaye moyo wake umerudi kwa Kristo huanza kuona: anaona mikono iliyofua shati lake, anaona mume aliyetembea kwa miguu ili nauli ibaki ya watoto, anaona mtoto aliyechota maji bila kutumwa. Asiyeona mambo haya hushukuru kwa maneno ya jumla tu, kwa maana hajui hasa anashukuru nini.

Wengine husema, “Kwa nini nimshukuru mke wangu kwa kupika? Ni wajibu wake.” Au, “Baba analeta chakula. Ni kazi ya baba.” Ndugu mpendwa, kuwa wajibu hakukifanyi kitu kuwa chepesi. Jua kuchomoza kila siku ni jambo la kawaida, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake kila asubuhi.

Neno moja kwa nyumba zenye huzuni. Paulo anatuagiza kushukuru katika kila jambo (1 Wathesalonike 5:18). Hakusema tuuite msiba kuwa ni jambo jema. Aliyefiwa, au aliyepoteza kazi, asilazimishwe na wageni kutamka shukrani ambazo bado hana. Zaburi nyingi zinaanza kwa kilio. Kaa naye, beba sehemu ya mzigo wake. Huenda wewe ukawa sababu ya shukrani yake atakapopata nguvu ya kuitamka.

Mtaje mtu mmoja wa nyumbani mwako ambaye huduma yake umeizoea hata huioni tena. Utamwambia nini leo?

JUMATANO
Kila Mtu Nyumbani Kwake

Soma 1 Wakorintho 16:1, 2 na 2 Wakorintho 8:1–12. Paulo aliwaagiza waumini wafanye nini siku ya kwanza ya juma, na wafanyie wapi?

Fungu la kwanza hutumiwa na baadhi ya watu kutetea ibada ya Jumapili. Lakini Paulo hazungumzii mkutano hapa. Anamwambia kila mtu aweke akiba kwake, kwa kadiri alivyofanikiwa, ili asubiriwe Paulo pasipo harakati za kukusanya dakika ya mwisho. Mara Sabato ilipokwisha na juma la kazi kuanza, familia ilitakiwa kuketi, kuhesabu, na kutenga. Kabla mkono haujafika kanisani, hesabu ilifanyika nyumbani.

Hebu tuchukue mfano. Mama mmoja ana genge la mboga na nyanya. Katika juma moja ameuza bidhaa za shilingi 140,000. Alizinunua kwa shilingi 95,000, na usafiri ulimgharimu shilingi 5,000. Ongezeko lake ni shilingi 40,000, basi zaka yake ni shilingi 4,000. Akitoa zaka ya mauzo yote atakuwa ametoa zaka hata ya mtaji wake. Akikadiria tu, bila kuandika, atampunja Bwana au atajipunja mwenyewe. Daftari la shilingi mia tano linaweza kuwa chombo cha ibada. Mkulima aliyevuna magunia 20 aanze na magunia 2 ya Bwana kabla dalali hajafika. Baada ya zaka huja sadaka, ambayo kila mtu huamua moyoni mwake kwa kadiri alivyobarikiwa, si kwa huzuni wala kwa kulazimishwa (2 Wakorintho 9:7).

Wamakedonia walitoa katika umaskini mkubwa, tena waliomba wapewe nafasi hiyo. Siri yao iko katika 2 Wakorintho 8:5: walijitoa nafsi zao kwanza kwa Bwana. Na ili maskini asivunjike moyo, Paulo anaongeza katika fungu la 12 kwamba kutoa hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, wala si kwa asivyo navyo. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Hesabu hii ifanywe na nani? Mume na mke pamoja, na watoto wakiona. Mtoto anayepewa shilingi 1,000 ya kazi aliyofanya aonyeshwe shilingi 100 ya Bwana, kisha aachwe aamue mwenyewe sadaka yake. Usimpe sarafu asubuhi ya Sabato mlangoni mwa kanisa ili akaitie kapuni. Hiyo ni sadaka yako, yeye ameibeba tu.

Ni lini familia yako huketi kuhesabu baraka na mapato? Kama hakuna siku hiyo, mnaweza kuanza lini?

ALHAMISI
Korbani

Soma Marko 7:9–13. Ni kosa gani ambalo Yesu alilikemea, ingawa lilifanywa kwa jina la sadaka?

Mtu aliweza kutangaza kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wake ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu. Baada ya tangazo hilo, baba na mama walikosa. Mbele ya watu alionekana mtoaji. Nyumbani wazazi walikuwa na njaa. Yesu alisema kwamba kwa njia hiyo walilitangua neno la Mungu.

Hapa panahitaji unyofu. Katika makambi au katika changizo la ujenzi, mtu husimama na kuahidi kiasi kikubwa. Watu wanasema “Amina!” Jina lake linaandikwa. Mkewe, aliyeketi upande wa pili, ndiyo kwanza anasikia. Anajua kwamba ada ya muhula haijalipwa na kwamba mama mkwe anahitaji dawa za presha. Nyumbani unaanza ugomvi ambao watoto wanausikia kupitia ukutani. Watoto hao wanajifunza nini kuhusu sadaka? Wengine wamekua wakiichukia nyumba ya Mungu, kwa sababu waliamini kwamba ndiyo iliyowanyima shule.

Tusikosee kwa upande mwingine. Zaka ni ya Bwana. Haigeuzwi kuwa ada wala dawa (Malaki 3:8–10). Na wapo wanaojificha nyuma ya familia ili wasitoe kitu, huku fedha zikipotelea kwenye mambo yasiyo na faida. Lakini nadhiri iliyo juu ya zaka na sadaka za kawaida inatakiwa kuzaliwa katika maombi ya mume na mke, si katika msisimko wa kipaza sauti. Anayewaacha wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Timotheo 5:8). Fedha ya dawa kwa mzazi mzee haishindani na sadaka. Amri ya tano imeandikwa kwa kidole kile kile kilichoandika ya nne.

Kama umeshaahidi bila kushauriana, rudi nyumbani ukiri. Kisha mwone mchungaji au mweka hazina, mpange namna ya kuitimiza taratibu. Kukiri huko nako ni sadaka, tena Mungu haidharau roho iliyovunjika.

Je, kuna mtu wa nyumbani mwako anayeumia kwa sababu ya jinsi unavyotoa, au kwa sababu ya jinsi usivyotoa? Utachukua hatua gani?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma Yohana 6:5–13, pamoja na sura inayohusu kulishwa kwa watu elfu tano katika kitabu cha Ellen G. White, Tumaini la Vizazi Vyote. Angalia jinsi chakula kilivyopita: kutoka mkononi mwa Yesu kwenda kwa wanafunzi, na kutoka kwa wanafunzi kwenda kwa watu.

Filipo alipiga hesabu akaona kwamba mikate ya dinari 200 isingetosha. Andrea alimwona mtoto mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, lakini naye akakata tamaa. Yesu aliichukua ile mikate akashukuru. Alishukuru ikiwa bado ni mitano. Sisi husema, “Nikipata vya kutosha nitashukuru, na vikizidi nitatoa.” Bwana alianza na shukrani, akaendelea na kutoa, na wingi ukaja baadaye. Kisha akaagiza vipande vikusanywe ili kitu kisipotee. Mkono mkunjufu haufuji.

Chakula kile kilitoka katika mfuko wa mtoto. Kanisa letu nalo lina habari ya namna hiyo. Mwaka 1890 meli ya kimisheni iliyoitwa Pitcairn ilitia nanga kwa mara ya kwanza katika visiwa vya Pasifiki, ikiwa imejengwa kwa sadaka za Shule za Sabato, za wakubwa na wadogo. Miaka 13 baadaye, mwaka 1903, wamisionari Johannes Ehlers na A. C. Enns walifika Giti, katika milima ya Upare, wakaanza kazi ya Waadventista katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Nyuma ya kila mmisionari walikuwapo watu waliotenga sadaka mezani kwao kwa ajili ya watu ambao wasingewaona kamwe. Sisi tunaosoma somo hili tumekula katika kikapu chao. Hiyo pia ni sehemu ya simulizi yetu.

Jua litakapozama leo, mkiisha kuifungua Sabato, kila mmoja mezani amshukuru mwenzake kwa jambo moja alilomtendea juma hili, akilitaja. Mama apewe nafasi ya kusikia kabla hajala. Kisha mwombe.

Maswali ya Kujadili:

1. Kwa nini ni rahisi zaidi kwa wengi wetu kumshukuru Mungu hadharani kuliko kumshukuru mwenzi au mtoto nyumbani?

2. Mume ni muumini na mke si muumini, au kinyume chake. Yule aliye muumini atatoaje zaka na sadaka kwa uaminifu bila kuleta mafarakano? Darasa lijadili mifano halisi.

3. Kanisa lenu linaweza kubadilisha nini katika namna ya kuendesha changizo na kupokea ahadi, ili familia zipate muda wa kushauriana na kuomba kwanza?

4. Kuna mshiriki katika darasa lenu ambaye hajatoa sadaka kwa muda kwa sababu hana kitu. Mafundisho ya Jumatatu na Jumatano yanasema nini kuhusu wajibu wenu kwake?